Honi Iliyokuwa Ikizima Injini

Shangazi yangu alitengeneza redio za watu kwa miaka thelathini na moja, kwenye chumba kimoja chenye dirisha la barabarani. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minne, na Shangazi, dada wa baba, akanichukua. Kwa hiyo mtu angetegemea niwe najua mambo ya waya. Thubutu! Kazi yangu ilikuwa kumshikia tochi, naye akinigombeza, "Mulika hapa, siyo puani kwangu."

Sasa nina miaka arobaini na miwili, na nasambaza mikate kwa baiskeli niliyoifunga injini ndogo. Alfajiri napakia, napita barabara ya machimbo ya kokoto, nafikisha mikate hospitali na shule mbili. Ijumaa moja mwenye tanuri, mama mkavu asiyecheka hovyo, akaniita. "Barabara ile ina malori na ukungu," akasema. "Jumatatu nataka kuona taa na honi. Kama huna, njia hiyo nampa mwenye pikipiki." Njia hiyo ndiyo inayotulisha mimi, mke wangu na binti zetu wawili.

Mwenye akili angekwenda moja kwa moja kwa Shangazi. Mimi nikajifanya mjuaji. Na ukweli unaniuma kuusema: mikono yake ilipoanza kutetemeka, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwambia, "Pumzika, Shangazi, umefanya kazi ya kutosha." Nilidhani namheshimu. Akafunika meza yake kwa shuka, na tangu hapo kila nikimtembelea namkuta anapanga upya vikombe vilivyokwisha kupangwa.

Basi nikanunua taa na honi, nikapekua injini, nikaona waya mmoja mweupe unaning'inia tu, hauna kazi. Yaani kwa macho yangu. Nikaunga vyote hapo. Taa ikawaka! Nikamwita mke wangu aje amwone fundi. Akatazama, akauliza, "Na honi?"

"Honi ni honi, mama watoto. Itashindwaje kulia?"

Jumatatu, mbele ya mwenye tanuri na waokaji wote, nikawasha injini nikabonyeza honi. Ikalia kama mbuzi aliyekabwa koo, injini ikazima, na taa ikafuata. Nikawasha tena, nikabonyeza tena. Kimya. Waliobeba trei wakazitua ili wacheke vizuri. "Kumbe katuletea breki mpya!" mmoja akasema. Mwenye tanuri hakucheka. "Alhamisi," akasema. "Siongezi siku."

Niliisukuma baiskeli hadi kwa Shangazi, nimenywea kabisa. Akainama, akaufuata waya wangu kwa kidole. "Huu umeutoa wapi?" Nikamwonyesha. Akajipiga paja.

"Maskini wee! Huu ni umeme wa plagi, ndio unaowasha petroli. Taa inaudokoa kidogo, injini inavumilia. Honi inaumeza wote. Sasa injini itakula nini?"

"Nisaidie, Shangazi. Nikiikosa njia hii nimekwisha."

Akajifuta kidole grisi, akasema, "Toa hilo shuka mezani."

Tulifanya kazi siku tatu. Injini, alisema, isiguswe tena. Taa na honi zikapewa betri yao wenyewe chini ya kiti, ya kuchajiwa nyumbani kila jioni. Fyuzi tuliiweka karibu kabisa na betri, "ili mambo yakiharibika iungue hii, siyo wewe." Alinikwangulisha rangi ya fremu mpaka chuma kikang'aa pale waya wa kurudisha umeme ulipofungwa. Kiungio changu cha kwanza alikivuta kwa vidole viwili, kikachomoka. "Rudia." Nikarudia. "Rudia." Nikachemka.

"Shangazi, si kimeshika!"

"Kimeshika hapa chumbani. Barabarani kuna mashimo."

Viungio vya honi alivichomea mwenyewe kwa risasi ya kuyeyusha. Aliegemeza kiwiko kwenye tofali, akasubiri mkono utulie, akagusa, akaondoa, akasubiri tena. Mimi mtu wa haraka zangu nililazimika kufunga mdomo. Na katika ule ukimya nikasikia anaimba chini chini. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu tulipomstaafisha, na nikaona aibu sana.

Alhamisi mwenye tanuri alibonyeza honi mwenyewe mara tatu. Waokaji wakaruka, injini ikaendelea kunguruma. "Nani kafunga?" akauliza. Ulimi uliniwasha kusema ni mimi.

"Shangazi yangu."

"Haya, pakia mikate."

Kwenye machimbo ukungu ulikuwa mzito, nilikuwa naona mita chache tu mbele ya taa. Ghafla nikasikia lori linatoka getini kinyumenyume, linanijia ubavuni. Upande wangu wa pili ulikuwa mtaro. Nikabandika kidole kwenye honi, nikaongeza mafuta mpaka mwisho, na injini ikanivuta mbele huku honi inalia. Ingezima kama Jumatatu, ningebaki palepale. Lori lilisimama likiwa limegusa trei ya nyuma. Dereva akaruka chini, akanishika mabega.

"Kaka, sikukuona kabisa! Nimesikia honi tu ndiyo nikakanyaga breki."

Nikakaa kando ya barabara kwanza. Kisha nikafikisha mikate yote, maana wagonjwa na watoto walikuwa wanaisubiri, nikaenda kwa Shangazi.

Nilimkuta mezani, redio ya jirani iko wazi mbele yake. Nikamweleza yote, lori, mtaro, honi. Akaweka bisibisi chini.

"Sasa ungeniacha na nani mimi?" akauliza, na machozi yakamtoka.

Nikamkumbatia pale pale kwenye kiti chake. Nikamwambia asante. Ya honi ilitoka vizuri. Ya kunilea, ambayo nilikuwa nimeikalia miaka thelathini na minane, haikutoka vizuri, kwa sababu na mimi nilikuwa nalia.