Mlima wa Ahadi

Mwenzangu alikuwa bado kwenye muda wa majaribio, na mimi ndiye niliyetakiwa kuandika kama anafaa. Alikuwa binti wa mtaa wa Chuno, na katika ofisi yetu ndogo ya programu, Mtwara mjini, tulikuwa wawili tu.

Programu yetu ilipokea vipimo vya kina cha maji kutoka mlangoni mwa mto Ruvuma, kimoja kila dakika, ikatoa wastani. Vipimo vya wiki iliviweza. Vya mwaka mzima, ilimeza kumbukumbu yote ya kompyuta ikazimika.

Nikaipima kwa profaila, chombo kinachoonyesha kila sehemu ya programu imetumia kumbukumbu kiasi gani. Mbele ya sehemu aliyoiandika yeye palisomeka asilimia tisini na tisa.

"Dada, mlafi ni wako."

Akainama kwenye kioo cha kompyuta. "Kaka, safu ziko mbili. Hiyo uliyosoma imejumlisha na sehemu nyingine zote nilizoziita kazini. Yangu peke yake ni hii: mbili." Kidole chake kikashuka mstari mmoja. "Na huyu aliyeshiba ni nani?"

Ilikuwa sehemu ya kujumlisha. Niliiandika mimi.

"Yaani mgeni kala, mlafi niitwe mwenye nyumba!"

Nikacheka kwa aibu. Tukafungua mchoro wa kumbukumbu: mlima uliopanda bila kupumzika, kisha ukaporomoka ghafla.

Ukikutana na mlima kama huo, usiogope. Lugha ya kuandikia programu tuliyotumia ni mvivu kwa makusudi. Haifanyi hesabu mpaka jibu litakiwe. Kila nilipoiambia iongeze kipimo, iliweka ahadi ya kuongeza, na juu ya ahadi hiyo ikaweka nyingine. Mlima wote ule haukuwa na jumla hata moja ndani yake. Ahadi tupu! Nilikuwa nimewaeleza watu uvivu huo kwa miaka, lakini sikuwahi kuliona umbo lake.

Mwenzangu akabadilisha mstari wangu mmoja: ongeza sasa, usingoje. Tukapima tena. Mlima haukuwepo. Palikuwa na ukanda mwembamba, umelala chini kabisa, na maji ya mwaka mzima yalikuwa yamepita humo.

Nikaandika ripoti yake: anafaa sana, amenifundisha kusoma safu ya pili.

Akachungulia begani kwangu. "Basi itume sasa hivi, kaka. Usiniwekee ahadi."

Nikaituma.