Pua ya Mpokea Maziwa

Mpokea maziwa wetu pale Bulyaga hana kipimo anachokiamini kuliko pua yake. Kila asubuhi ananawa mpaka viwikoni, anakaza kitenge, anafungua dumu, anainama na kufumba macho kama anayesali. Yakiwa mazuri anaguna tu na kumimina. Yakiwa mabaya anarudisha kifuniko taratibu, kwa vidole viwili, na hapo usibishane. Hata mimi, bingwa wa maneno Tukuyu nzima, sibishani. Duka la mtindi ni letu watatu: yeye kaleta pua, mimi mdomo, Alinanuswe friza. Siku moja dumu lililorudishiwa kifuniko likawa la Alinanuswe, mbele ya foleni nzima.

“Mama, friza ni yangu! Nikiibeba leo mtindi mtauweka wapi?”

“Ibebe, tata,” akamjibu, yaani baba kwa Kinyakyusa, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi. “Nikiyachanganya haya yenye harufu ya dumu chafu na ya wenzako, kesho hatutakuwa na mtindi wa kuweka humo.”

Akaondoka amenuna. Mimi nikabaki naiangalia friza kama mgonjwa anayesafirishwa. Kesho yake akarudi, si kubeba friza, bali na dumu jipya begani. Mama akanawa, akainama, akafumba macho muda mrefu, mpaka Alinanuswe akatokwa jasho kwenye baridi yetu hii. Akaguna. Akamimina.

“Ndaga, tata. Asante.”

Leo tuna friza mbili. Wanaoniuliza siri ya kufanya biashara na wenzako nawaonyesha pua ile, halafu nawakumbusha kwamba aliyeigundua ni mimi.