Kitanda katika Ghala la Bomani

Asubuhi ile nilitoka Ngara bila mpango, nikapanda gari la kwanza lililokuwa limewasha injini. Likanishusha Biharamulo mchana.

Gesti zote zilikuwa zimejaa. Mji ulipokea wataalamu wa semina ya kuvutia watalii wa ndani. Mtalii wa ndani nilikuwa mimi, na sikuwa na pa kulala. Gesti ya mwisho wakanielekeza kwenye boma la Wajerumani, ambako kuna makumbusho na vyumba vichache vya wageni.

Mwangalizi wake alikuwa mama mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema nione kwanza historia, kulala baadaye. Historia ilianza na kiti cha bwana Mjerumani kilichozungushiwa kamba, na kibao: "Usikalie." Ameondoka zamani hizo, bado anawekewa nafasi. Kando yake kulikuwa na kibuyu cha pombe ya ndizi, kikavu, nacho hakiguswi. Kwetu kibuyu kisichoguswa ni cha mchawi.

Mwisho tulifika kwenye chumba chenye kidirisha cha kupitisha mkono tu. Kibao kilisema "Ghala". Nikamweleza mama kwamba nyumbani tulisimuliwa babu wa baba yangu alifungiwa humo kwa kushindwa kodi ya kichwa. Naye alitoka Ngara asubuhi bila mpango, ila yeye alikuwa na kamba shingoni.

"Watu wa Ngara wote mnasema hivyo," akanijibu. "Wangeingia humu wote, ukuta ungepasuka."

Nikauliza habari ya chumba. Semina ilikuwa imechukua vyumba vyote vya wageni.

"Kimebaki hiki cha babu yako, mwanangu. Kina kitanda cha mlinzi, yuko likizo."

Niliona komeo liko nje ya mlango. Nikauliza kwa nini halijahamishiwa ndani. Akasema wakubwa wamekataza; urithi haubadilishwi.

Nikabaki kizingitini na begi langu. Mama akaenda nyuma, akarudi na kibuyu kingine, hiki kimejaa, akavuta mrija yeye kwanza. Ndivyo tufanyavyo kwetu, mwenyeji huonja ili mgeni ajue hakuna sumu.

"Mfungwa haonjewi," akasema, akanipa.

Nikanywa, nikaingiza begi. Yeye akalichomoa lile komeo la chuma, akaondoka nalo ndani ya kitenge chake, akitazama huku na huku kama mwizi wa urithi.