Hindu na Filamu ya Karne

Karne haijafika hata nusu, lakini mashabiki wa sinema wa Luzira hawakuwa na subira ya kuingoja iishe. Jumapili ile mchana walijaa kwenye kibanda cha video cha Obonyo, kando ya njia iteremkayo bandari ya Port Bell, kuamua ni filamu ipi iliyo bora kuliko zote tangu karne ianze. Obonyo, mwenye kibanda, alikuwa ameweka sharti: itakayopata mikono mingi itaonyeshwa nzima siku ya sikukuu, na jina lake litachorwa ukutani kwa rangi. Na anayeitetea ashike maiki, aisemee kipande mbele ya watu.

Maana Kampala filamu hailiwi kavu. Pembeni ya skrini huketi vijei, mtu wa maiki, akiisemea kwa lugha ya watazamaji. Anatafsiri, anatania, anawapa majambazi majina ya mitaa yetu, wala hanyamazi mpaka filamu iishe. Vibanda vingi husema Kiganda. Kwa Obonyo ni Kiswahili, kwa kuwa wateja wake ni Wakenya wa bandarini, Wakongo wa biashara na askari jela wa gereza la hapo Luzira.

Zilikuwa zimebaki filamu mbili. Ya Wangila, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Bungoma, iliitwa na watu Ndugu Wawili, na ilikuwa na risasi za kutosha kumaliza jeshi. Ya pili ilikuwa ya mwanamke aitwaye Hindu, nayo ilikuwa na kitanda.

"Kitanda tu?" Wangila aliuliza, akageukia watu. "Ndugu zangu, mama ananunua kitanda cha harusi ya binti, anakipandisha mlimani kwa mgongo, muvi imeisha. Hakuna hata kofi!"

"Kofi utapata ukirudi kwa mkeo," Hindu akamjibu.

Kibanda kikacheka. Lakini moyoni Hindu hakuwa anacheka. Alikuwa muuza mashuka katika soko la Owino, mwanamke wa makamo, wa ukoo wa Waislamu ambao babu zao walikuja na biashara kutoka pwani wakazika na kuzikwa hapa. Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya jikoni na ya dua. Nje ya mlango kilikuwa kitu kingine. Tangu utotoni aliulizwa, "Baba yako mwanajeshi?" kwa kuwa mjini watu walikizoea kwenye midomo ya wenye bunduki. Akajifunza kukishusha sauti, kama mtu apitaye na mtoto aliyelala.

Filamu ile aliinunua kwa jirani yake sokoni, akaitazama huku akikunja mashuka. Ilipofika kwenye yule mama na mzigo wake, mikono ilisimama. Alimwona Maimunah, mama yake, aliyekuwa akitoka Owino na robota la mashuka kichwani, shingo wima, miaka nenda miaka rudi, hadi binti zake wote wakaolewa kwa heshima. Hakuna aliyewahi kupiga makofi kwa ajili ya shingo ile. Hindu alitaka yapigwe, na yapigwe na watu wengi.

Akashika maiki.

Kwenye skrini mama alikuwa dukani. Hindu akampa mwenye duka sauti ya kukwaruza: "Kitanda hiki, mama, bwana harusi akikilalia mara moja, njia ya baa anaisahau!" Na mama akajibu kwa sauti ya wanawake wa kwao wanapotaniana harusini: "Basi nipe viwili, kimoja cha baba mkwe!"

Askari jela wa benchi la mbele wakapiga mapaja. Mlima ukaanza. Kitanda kikapanda mgongoni, njia ikawa mawe. Hindu akasema, na sasa hakushusha sauti: "Bega likauliza mguu, mwenzangu, upo? Mguu ukajibu, nipo, ila usiniulize tena."

"Eee!" Barnabé, Mkongo muuza vitenge, akaitikia. "Sema, mama!"

Akasema. Maneno yalimjia kwa mizani, moja likimshika mkono mwenzake, maneno ambayo hakuwahi kuyatumia sokoni. Kisha mama wa kwenye skrini akafika kwenye ukingo wa jabali, akatua kitanda, akakikalia yeye mwenyewe, akatazama njia aliyotoka.

Hindu akafungua mdomo. Akaona hakuna neno linalostahili kukaa pale na yule mama. Akashusha maiki.

Kibanda kikapatwa na kiwewe.

"Maiki imekufa!"

"Obonyo! Angalia waya!"

"Banange, umeme unaenda!"

Obonyo alikuwa keshapiga magoti kwenye nyaya. Hindu akaigonga maiki kwa ukucha. *Tok.* Ilikuwa hai. Wakamtazama, wakaelewa kwamba vijei amenyamaza kwa kutaka. Hilo hawakuwahi kuliona. Wakageuka kwenye skrini, na kwa mara ya kwanza kibandani mle watu walisikia feni.

"Amechoka," Barnabé akasema polepole, macho kwa yule mama wa skrini, kama anayemzungumzia mtu wa nyumbani. Hakuna aliyemcheka.

Makofi yalipokuja yalianzia nyuma. Hindu akayapokea akiwa amesimama, shingo wima.

Zamu ya Wangila ikafika. Alipiga risasi kwa mdomo, akaangusha helikopta, akawatukana majambazi kwa Kibukusu cha kwao. Lakini ndugu mdogo alipokufa mikononi mwa kaka yake, Wangila akakohoa, akashusha maiki, akanyamaza.

"Mwizi!" kibanda kizima kikalipuka. "Wangila mwizi! Hiyo ni ya Hindu!"

Wangila akacheka mpaka akashika ukuta. Hindu akahisi joto likimpanda kifuani, tamu. Huibiwi usicho nacho.

Mikono ikahesabiwa. Ndugu Wawili ikashinda, kwa mikono michache tu. Risasi ni risasi.

Wangila hakushangilia. Akamwendea Hindu na maiki mkononi. "Dada, sikukuu uisemee wewe. Mimi pale penye kifo nimeharibu, nimesikia mwenyewe."

Hindu hakuipokea. Alijua kuuza, alijua mteja akishika shuka mara mbili halirudi rafuni. "Nitaisemea. Ila Kitanda kinatangulia."

"Filamu mbili siku moja?" Obonyo akaruka. "Watu watalala humu ndani!"

"Walale. Kitanda si kipo?"

Kelele zilizofuata ndizo zilizoamua. Obonyo akainua mikono, akamwita mchoraji, ambaye alichora majina ya filamu zote mbili, kisha akachovya brashi tena na kuuliza jina la vijei aliandike chini yake. Watu wakampa majina: Vijei Mama, Vijei Kitanda.

"Hapana," akasema Hindu, kwa sauti iliyofika barabarani. "Andika Hindu binti Maimunah. Usilifupishe."