Kumwita Masanja

Asubuhi ile huko Burma, vitani, tulikuwa tunafua kaptula mtoni, mimi na Masanja, wote wa Ngokolo, Shinyanga. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Nilikuwa namtania kwamba kaptula yake imebaki matundu tu, kitambaa kilishahama. Hakucheka.

"Bebe," akaniambia, ndivyo tunavyosema "wewe" kwetu, "mimi sina mtoto. Nikifa hapa, nani ataniita?"

Kwetu marehemu haishii kaburini. Kila mwaka baada ya mavuno, alfajiri, mtoto wake anamimina maji ya unga wa mtama mlangoni, anamtaja jina, naye anakuja kukaa na kula na watu wake. Asiyeitwa anabaki anazurura. Mimi nilifika darasa la nne, shule ya misheni, wakanifundisha mbingu, nikaipenda. Lakini hilo la kuitwa halikunitoka.

"Nitakuita mimi," nikamwambia. "Ila nitakuita nyama ikiisha, maana nakujua unavyokula."

Hapo akacheka.

Risasi zikatoka ng'ambo ya mto.

Nikalala kwenye tope. Masanja alikuwa hatua tatu mbele yangu, ndani ya maji. Alianguka kifudifudi, kaptula iko mkononi.

Nilimwita mara moja. Sajini akanivuta mguu.

Tuliondoka kwa kutambaa. Jioni tuliporudi, mto ulikuwa umejaa na yeye hayupo.

Vita ilipokwisha nilifika Ngokolo, nikaenda kwa mama yake kabla hata sijalala kwetu. Serikali ilishampelekea barua kwamba mwanawe haonekani.

"Shikamoo, Mama Masanja."

"Marahaba. Ulimzika?"

"Hapana, mama. Ila nilimwona akianguka."

"Watu wanaanguka, wanaamka."

"Naomba nimmiminie maji hapa mlangoni kwako. Nilimwahidi."

"Mtu aliye hai ukimwita pamoja na wafu, umemuua. Usithubutu."

Mimi nina mdomo, kila mtu anajua. Siku hiyo niliaga, nikaenda zangu.

Nikaenda Nyarugusu kuchimba dhahabu. Huko, kila baada ya mavuno, namwita mwenyewe mlangoni pa kibanda changu. Wenzangu ni Juma, anayeswali, na Petro, anayesali rozari. Wananicheka.

"Unamwagilia mlango uote?"

"Ukiota nitawauzia mbao," nawajibu.

Wakishaenda shimoni nabaki nimesimama pale. Sijui kama anasikia. Nyarugusu si kwao, na mimi si damu yake. Nisipomwita, na kweli amekufa, basi yuko peke yake huko porini, hakuna mwingine wa kumtaja. Na kama mama yake ndiye anayejua, basi mimi namuua kila mwaka.

Mwaka huu nilimwita kama kawaida. Wiki moja baadaye nikaenda Ngokolo kumsalimia mama yake. Amezeeka sana. Aliandaa ugali sahani tatu, tukakaa wawili.

"Huko unakochimba, humwiti?"

"Simwiti, mama."

"Vizuri."

Tukala. Sahani ya tatu ikapoa katikati yetu. Mwishowe akaisukuma upande wangu.

"Malizia, mwanangu. Akija nitampikia ugali mwingine."

Nilikula wote, tonge kwa tonge. Yeye alikuwa anaangalia njia.