Godoro Chini ya Shitingi

Nyirasafari wa Nengo, mjini Gisenyi, Rwanda, alikuwa mchuuzi wa magodoro. Kaka yake Muhamadi, aliyehamia Goma, ng'ambo ya mpaka, na kuoa huko, alimnunulia ya sponji, naye Nyirasafari akayavusha mpakani kichwani, moja moja, yakiwa yamekunjwa na kubanwa kwa kamba. Wachuuzi wenzake waliishia sokoni Mahoko. Yeye alipanda nayo milimani, kwenye nyumba zisizofikiwa na gari, kwa sababu huko ndiko watu walikolala juu ya majani, na ndiko walikomshukuru kwa dhati mtu aliyewaletea kitu mpaka mlangoni.

Kwa miaka miwili hakupanda. Mwaka wa tisini na saba na wa tisini na nane njia za milimani zilikuwa za wenye bunduki, wa upande huu na wa upande ule. Mume wake alipita huko siku moja, hakurudi. Nyirasafari alikaa Nengo akiuza ndizi mbele ya nyumba. Ilipofika tisini na tisa watu wakaanza kusema kumetulia. Hakuwaamini mara moja. Alingoja kwanza viazi vya msimu ule vivunwe, aone kama waliopanda ndio wanaovuna. Alipoona ndio, akamtumia kaka yake salamu kwamba anataka magodoro tena.

Sasa iliyobaki kumsumbua ilikuwa mvua. Godoro la sponji likinywa maji haliinuliki, na likikauka hunuka. Alikuwa na shitingi, ile plastiki nyepesi ambayo wakimbizi walipewa ya kuezekea vibanda. Mara ya kwanza mvua ilipomkuta njiani aliitandaza tu juu ya vichaka akaingia chini yake. Maji yakajaa katikati, plastiki ikalegea, ikamwaga yote juu ya mzigo. Godoro lile lilianikwa juani juma zima, na aliyeliagiza akalikataa.

Tangu siku hiyo hakutoka bila kamba. Akajifunza kwamba upande wa upepo hushushwa hadi karibu na ardhi. Akajifunza kwamba pembe ya shitingi haitobolewi, bali hufungiwa kijiwe ndani yake, kisha kamba hukazwa nyuma ya kijiwe hicho. Jambo lililomchukua muda kulielewa ni maji yaliyotembea juu ya kamba na kuingia ndani pole pole. Dawa yake ilikuwa kufunga kitambaa kwenye kamba, nje kidogo ya shitingi, maji yakifika hapo yadondoke.

Mwezi wa kumi alikuwa akimpelekea godoro bibi mmoja, Kabatesi, aliyevunjika nyonga. Binti yake, aliyeolewa mjini Gisenyi, ndiye aliyemwagizia. Mvua ilimkuta Nyirasafari kwenye kijito kilichokuwa na daraja la miti miwili, mchana umeshapinduka. Maji yalikuwa yamekwisha panda juu ya miti ile. Kurudi ilikuwa mbali, kuvuka haiwezekani. Akafunga kamba kati ya mikaratusi miwili, akatupia shitingi, akakaza pembe zake. Chini alipanga mawe na matawi, akalaza godoro juu yake, akalifunika kwa kitenge chake, kisha akaketi kando.

Hakukaa sana akasikia sauti ya mwanamume upande wa miti.

"Hodi hapo. Naomba kujikinga."

Ilisemwa kwa Kiswahili, na hicho ndicho kilichomtisha. Mjini Gisenyi Kiswahili ni cha kila mtu, lakini kule juu watu walizungumza Kinyarwanda, na kwa miaka ile miwili Kiswahili milimani kilikuwa lugha ya wenye silaha. Akachungulia. Aliona koti refu, na begani kitu kirefu kilichoviringishwa kwa plastiki. Alitaka kukimbia, lakini mbele kulikuwa na kijito na nyuma kulikuwa na yule mtu. Akasema karibu, kwa kuwa hakuona la kusema jingine.

Mtu yule hakuingia. Alisimama palepale mvuani, akavua kofia, akawa anaangalia kitenge.

"Pole sana, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Ni nani wako?"

Nyirasafari hakuelewa. "Nani wangu wapi, papa?" aliuliza, akimwita baba kwa Kiswahili cha mjini.

"Huyo uliyemfunika."

Akageuka kuangalia. Kweli, kulikuwa na kitu kirefu kimelazwa juu ya matawi, kimefunikwa kitenge toka huku mpaka huku, na mwanamke ameketi peke yake kando yake.

"Hapana mutu," alisema. "Iko matela."

"Nini?"

"Matela, papa. Godoro. Ya kulalia."

Akafunua pembe moja ya kitenge amwonyeshe sponji. Mtu yule akaketi pale pale kwenye tope. Alieleza kwamba anaitwa Kagabo, mkulima wa Nyakiriba, na kwamba amekulia Karagwe, Tanzania, ndiyo sababu Kiswahili humtoka kwanza. Alikuwa amejificha nyuma ya miti akimtazama, hajui amkaribie au apite zake. Tangu arudi nchini amesaidia kuzika watu wengi waliofungwa hivyo hivyo, na alipoona kitenge kile alijiambia, basi yamerudi.

Nyirasafari naye akamwuliza amebeba nini begani. Kagabo akafungua plastiki: mipini mitatu ya majembe, mipya, aliyotoka kuinunua Mahoko. Mama yule akaishika mmoja mmoja, akaipapasa mbao yake, kisha akaanza kucheka, na Kagabo akacheka, mpaka wote wawili wakafuta macho.

Kwa kicheko hicho hawakuangalia juu. Upepo ulikuwa umegeuka, na shitingi imeanza kubeba maji katikati. Kagabo, kwa nia njema, akausukuma ule uvimbe kwa kiganja. Maji yakaporomokea ndani, kwenye pembe ya godoro.

"Papa, acha! We usisukume."

Nyirasafari akamvuta mkono. Alifungua kilemba chake, akakifunga kwenye ncha ya mpini mmoja ili mbao isitoboe plastiki, wakausimamisha katikati, na wa pili karibu yake. Shitingi ikapata mgongo, maji yakaanza kuteremka pande zote mbili. Kwa mpini wa tatu Kagabo alichimba mfereji upande wa juu, akiyafukuza maji ya mlimani yazunguke. Halafu hapakuwa na la kufanya tena ila kukaa. Kagabo alimweleza habari za ng'ombe wa Karagwe, naye Nyirasafari akamweleza kidogo habari za mumewe.

Jua halijazama maji yalishuka, miti ya daraja ikaonekana. Kagabo alivuka kwanza na godoro kichwani, ingawa njia yake ilikuwa nyingine, na hakulitua mpaka nyumbani kwa Bibi Kabatesi.

Pembe iliyolowa haikuzidi upana wa viganja viwili. Bibi alisema iwekwe upande wa miguuni, miguu haijali. Watu wa nyumba wakamwinua taratibu wakamlaza. Bibi akapapasa sponji kwa viganja vyote viwili. Kisha akasema kwa Kinyarwanda kwamba leo hataki kugeuzwa upande kama kila usiku, wamwache hivyo hivyo.

Kagabo aliaga akaenda kwake. Nyirasafari akalazimishwa kulala pale. Wakampa viazi vya moto na maharage, akala ameegemea ukuta, nguo zake zikikauka kando ya moto. Alipokuwa bado anakula mvua ikarudi, ikapiga bati kwa nguvu. Aliinua macho mara moja, akaona paa halivuji, akaendelea kula.