Bi Pasi na Majibu Mafupi

Bi Pasi tulimpa jina hilo sisi wenzake wa chumba cha kufulia cha hoteli, maana shati likipita mikononi mwake hata kola hunyooka kwa adabu. Ila kifua kilikuwa kimechoka. Daktari alimwambia waziwazi kwamba mvuke ule wa pasi utammaliza, atafute kazi nyingine. Nafasi ikatokea mapokezi, na usaili ni kwa Kiingereza.

Hapo ndipo penye kazi. Bi Pasi akiulizwa kwa Kiingereza hulirudia swali zima, huongeza na ya kwake, kisha hupotea katikati. Nikamwambia, "Dada, fupisha! Neno linalofungua swali ndilo linalofunga jibu. Do you? Yes, I do. Have you? No, I haven't. Basi, nyamaza."

Tulifanya mazoezi tukikunja shuka, yeye ncha zile, mimi hizi. Nauliza, anajibu, tunasogeleana. Akikosea, tunaitikisa shuka na kuanza upya. Mwanzoni jibu lilikuwa moja tu. Can you swim? Yes, I am. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Yeye hakucheka.

"Itikise," alisema. "Uliza tena."

Jamani, mikono iliniwaka moto, lakini yule akishaamua jambo hashikiki.

Siku ya usaili nikampa wosia: "Kila swali sema ndiyo. Wakubwa wanapenda ndiyo." Kisha nikajipitisha koridoni na mashati ya wageni, masikio nimeyatega mlangoni.

Meneja alitaka kujua kama amewahi kufanya kazi ya mapokezi. "Have you?"

"No, I haven't."

Nikajiuma kidole. Shingo ngumu huyu!

"Can you learn?"

"Yes, I can."

Akamuuliza tena: akikosa nafasi hii, atarudi kwenye pasi? "Will you?"

Bi Pasi akakohoa kwanza. "No, I won't."

Moyo ukanishuka. 

"Wenzako wote niliowasaili wameniambia ndiyo mpaka mwisho," meneja akasema kwa Kiswahili. "Jumatatu uanze."

Bi Pasi akatoka, akaegemea ukuta, machozi yanamtiririka. Nikamkaripia kwa furaha, "Unalia nini, na kazi umepata?"

"Angeninyima, nisingerudi kwenye mvuke," akasema. "Na watoto nilikuwa sijawaambia kuwa naacha kazi."